Ukanda, Kitanzi na Kinyume: Sauti Zilizonaswa Unguja Tangu 1928

Neno "ukanda" lilikuwamo katika Kiswahili zamani, kabla ya kuwako mashine yo yote ya kunasa sauti. Lilikuwa jina la mshipi wa ngozi, kitu kirefu chembamba ambacho mtu hujifunga kiunoni, ncha moja ikakutana na ya pili. Mashine zilipokuja na utepe wao wa plastiki uliopakwa unga wa chuma, wasemaji hawakutafuta mbali: walilichukua neno la mshipi wakakiita kwalo kitu kipya, na leo mtu akisema "kanda" wengi hufikiri sauti kabla ya kufikiri ngozi. Katika makala haya nataka kulifuata neno hilo katika mji wa Unguja na kisiwa chake, pamoja na jamaa zake santuri, kaseti na kitanzi, nikiwa na swali moja mbele yangu. Mtu anayekata ukanda wa sauti, akaunganisha ncha zake mbili ili maneno yale yale yajirudie bila kikomo, ayatendea nini maneno hayo? Ayaharibu, au ayasoma?

Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Kaseti iliyofungwa kwa skrubu tano hufunguliwa. Ndani yake mna ukanda wenye upana usiofika milimita 4, ambao hupita mbele ya kichwa cha mashine kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Mtu akikata kipande cha sentimita 24 hivi, akakigandisha ncha kwa ncha na kukizungusha katika vigurudumu vya ndani ya kisanduku, atapata duara lenye sauti ya sekunde tano, nayo itajirudia hadi betri ziishe. Hicho ndicho kitanzi. Mashine nayo hubadilishwa. Nyuma ya mota za redio kaseti nyingi pana tundu dogo lenye skrubu ya kurekebishia mwendo, na bisibisi nyembamba yatosha kuifanya sauti ya mwanamke iwe ya mtoto au ya mzee. Kichwa cha kufutia kikizibwa kwa kipande cha karatasi, sauti mpya hunaswa juu ya ile ya kwanza bila kuifuta, safu juu ya safu, mithili ya mwanachuoni aandikaye ubao asiouosha. Wanamuziki wa majaribio katika nchi nyingi wameyafanya haya kwa makusudi, na yafaa ieleweke kwamba hawaitumii mashine kuhifadhi muziki uliokwisha kupigwa; mashine yenyewe wameifanya ala.

Historia ya jambo hili huanzishwa kwa kawaida Paris, ambako mwaka 1948 Pierre Schaeffer alitumia sahani za santuri zenye mfereji uliofungwa, sindano ikazunguka mahali pamoja na sauti ikajirudia. Lakini kwa msomaji wa Kiswahili liko pahali pa karibu zaidi pa kuanzia, napo ni Cairo. Mwaka 1944 kijana wa Kimisri aliyeitwa Halim El-Dabh, mzaliwa wa 1921, aliazima katika kituo cha redio mashine iliyonasa sauti kwa waya, maana ukanda wa sumaku ulikuwa haujaenea nje ya Ujerumani, akaenda nayo kwenye ngoma ya zar, ambayo ni ngoma ya wanawake ya kutuliza pepo. Aliporudi studioni alizipitisha sauti zile katika vyumba vya mwangwi, akazinasa tena na tena, akaondoa kiini cha kila sauti na kubakisha kivuli chake. Kazi iliyotokana na hayo aliionyesha Cairo mwaka huo huo, miaka minne kabla ya Schaeffer. Baadaye alihamia Marekani, akafanya kazi katika kituo cha muziki wa elektroniki cha vyuo vya Columbia na Princeton, akafariki mwaka 2017.

Naitaja Cairo kwa sababu mbili. Kwanza, huko ndiko taarabu ya Unguja ilikosomea. Inasimuliwa kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alimtuma Mohammed bin Ibrahim kwenda Misri kujifunza kupiga kanuni, na neno "taarabu" lenyewe ni la Kiarabu, lenye maana ya kutikiswa moyo, iwe kwa furaha au kwa huzuni. Pili, sauti alizozichagua El-Dabh zilikuwa za ngoma ya pepo. Kisiwa cha Unguja kina ngoma zake za namna hiyo, kibuki ikiwa mojawapo, na mtu aliyekaa karibu na ngoma hizo hahitaji nadharia ya Ulaya kumweleza kwamba pigo moja likirudiwa vya kutosha huacha kuwa lile lile.

Unguja haikuwa na studio kama ile ya Paris. Ilikuwa na sauti, na sauti hizo zilikwisha kukutana na mkasi wa mashine miaka 16 kabla ya kazi ya El-Dabh. Siti binti Saad alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, akaja mjini 1911, na mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kuimba mbele ya mashine za kampuni ya His Master's Voice. Katika kundi lake walikuwamo Mbaruk Effandi Talsam, Subeti bin Ambari, Budda bin Mwendo na Maalim Shaaban. Mashine ile ilikuwa na sharti moja lisilokubali kujadiliwa: upande mmoja wa sahani ya inchi 10, izungukayo mara 78 kwa dakika, hauchukui zaidi ya dakika tatu na kitu. Taarabu ya barazani haina haraka ya namna hiyo. Vyombo hutangulia, beti hufuata, kibwagizo hurudiwa, msikilizaji huinuka kutunza, na mwimbaji, akiona neno limemgusa mtu, humrudishia. Mambo hayo yote yalipaswa kuingia katika dakika tatu, au kugawanywa upande wa kwanza na wa pili, au kuachwa.

Hapa pana jambo ambalo wanalugha hatulitilii maanani vya kutosha. Sahani zile tunazitumia kama ushahidi wa Kiunguja kilivyoimbwa miaka ya 1920, na kwa hakika hatuna ushahidi mwingine wa sauti unaolingana nao. Walakini ni ushahidi wa uimbaji uliokwisha kukatwa. Kilichokatwa kwanza, aghalabu, ni marudio, kwa kuwa mtu akipewa dakika tatu atatoa beti mpya kabla ya kurudia ya zamani. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad aliuhifadhi mwenendo wake kwa maneno, na sahani zikaihifadhi pumzi yake. Marudio hayakuhifadhiwa na ye yote kati ya hao wawili. Kitanzi cha kwanza kusikika katika mikahawa ya mjini nadhani kilikuwa ajali tu: sahani ina mkwaruzo, sindano yaruka nyuma, na neno moja lajirudia mpaka mtu ainuke kuisukuma.

Tazama pia majina. "Santuri" katika Kiajemi na Kiarabu ni ala ya nyuzi inayogongwa kwa vijiti. Kiswahili kimelifanya jina la sahani ya muziki na la mashine yake. "Kinanda" nacho kilikuwa ala ya nyuzi, kikaja kuwa gramafoni na piano. Sisemi kwamba jina ni nadharia. Lakini ni dhahiri kwamba msemaji wa Kiswahili alipoiona mashine ya kunasa sauti hakuiweka upande wa vitabu na daftari, kama walivyofanya Wazungu walioiita kwa maneno ya Kiyunani ya kuandika sauti; aliiweka upande wa ala. Wenye studio za Ulaya walihitaji kushawishiwa, katikati ya karne ya 20, kwamba gramafoni yaweza kupigwa kama fidla. Katika Kiswahili ilikwisha kupewa jina la chombo kinachopigwa.

"Kaseti" ni neno la Kifaransa lililotufikia kwa njia ya Kiingereza, na asili yake ni kisanduku. "Utepe" nao ni Kiingereza kilichovikwa kiambishi u-, na uvikaji huo una mantiki, kwa kuwa ngeli hiyo ndiyo makao ya vitu virefu vyembamba: uzi, ugwe, utambi, ukanda. Wingi wake ni "kanda", na kwa kuwa hakuna anayenunua uzi mmoja wa sauti usio na kisanduku, wingi huo umekuwa umoja katika vinywa vya watu, wakasema "kanda hii" na "kanda yangu". Ama "kitanzi", wakunga na wauguzi wa uzazi wa mpango wamekwisha kulitwaa kwa kazi yao, na mwanamuziki atakayelitumia hapana budi azoee kuchekwa. Mimi nalipendelea hata hivyo, maana hakuna neno jingine linalosema kwa ufupi uzi uliokutana na mwanzo wake.

Sauti ya Unguja ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Pamoja na redio zikaja kanda za riili zenye upana wa robo inchi, na kazi ya mtu mwenye wembe na gundi, ambaye huondoa kikohozi cha msomaji, hupunguza kimya, na kuunganisha sentensi mbili zisionyeshe mshono. Kila fundi wa redio, po pote duniani, ni mkataji wa kanda. Mwaka 1963 kampuni ya Philips ilionyesha kaseti yake ya kwanza Berlin. Miezi michache baadaye, tarehe 12 Januari 1964, Mapinduzi yalitangazwa kwa redio hiyo hiyo ya Unguja. Mambo haya mawili hayana uhusiano wa asili, lakini matokeo yake yalikutana. Vyama vya muziki viliwekwa chini ya mamlaka ya chama na serikali, hata Ikhwani Safaa kilichoundwa 1905. Jamaa nyingi zilitawanyika hadi Maskati, Dubai na Uingereza. Na kisanduku kile kidogo kikawa chombo cha kuzifikia. Watu walitumiana kaseti badala ya barua. Walinakiliana taarabu, hotuba za dini na maulidi, redio kwa redio, na nakala ikazaa nakala.

Kaseti ya dakika 60 ina ukanda wa karibu mita 86 na hutoa nusu saa kwa kila upande. Wimbo uliokatwa na sahani ukarudishiwa urefu wake, vyombo vikapata nafasi ya kutangulia, na kibwagizo kikarudi mara ile iliyotakiwa na waliohudhuria. Kampuni ya Kiingereza ya GlobeStyle ilipokuja kunasa taarabu Unguja mwaka 1988, ikiwanasa Ikhwani Safaa na Culture Musical Club, ulimwengu wa nje ulidhani unasikia muziki ambao haujapata kunaswa. Kumbe ulikuwa umenaswa kila wiki majumbani, kwa redio kaseti zilizowekwa mbele ya vipaza sauti.

Kila nakala ilibadilika kidogo. Mvumo wa ukanda uliongezeka, sauti kali za s na sh zikafifia, na kwa kuwa hakuna mashine mbili zenye mwendo mmoja, sauti ilipanda au kushuka. Betri zikichoka mwimbaji huteremka kwenye koo la mtu mwingine kabisa. Waliokaa Unguja katika kiza cha mwezi mzima mwaka 2008, na kile kirefu zaidi kilichoanza Desemba 2009, wanalikumbuka jambo hilo kama wanavyolikumbuka joto. Lugha ya mtaani ilipata misemo yake: redio "hula" kanda, na kanda iliyoliwa hutolewa taratibu, hunyooshwa kwa kidole, huzungushwa kwa kalamu ya wino, hukatwa palipokunjika na kuungwa tena. Maungo hayo yalifanya neno liruke, au silabi ikosekane. Majaribio aliyoyafanya Schaeffer kwa makusudi yalifanywa na kila mwenye kaseti aliyetaka tu kusikia wimbo wake.

Nirudi sasa kwenye swali la mwanzo, maana hapa ndipo lilipo la wanalugha. Kiswahili kimechukua katika Kiarabu jamii ya maneno yenye mzizi mmoja wa kurudia: "kariri", "takriri", "mkarara". Mkarara ni mstari unaorudiwa katika shairi. Takriri ni mbinu ya usemi. Kukariri ni kusema tena na tena, na pia ni kuhifadhi moyoni. Chuoni maana hizi mbili hazitenganishwi, kwa sababu mtoto hufikia ya pili kwa njia ya kwanza. Zikiri nayo hutoka katika mzizi mwingine, wa kukumbuka, lakini namna yake ni ile ile, na aliyewaona watu wa Maulidi ya Homu ya Mtendeni wamepiga magoti kwa safu, wakiinama na kuinuka pamoja kwa matari na maneno machache, ataelewa kwamba kurudia si upungufu wa maneno.

Uko ushahidi mwingine uliodharauliwa zaidi, nao ni mchezo. Edward Steere, katika kitabu chake cha mwaka 1870 kuhusu Kiswahili kilivyosemwa Unguja, alitoa mifano ya kinyume, yaani ile lugha ya siri ambamo silabi ya mwisho ya neno huhamishiwa mwanzo. Kitabu huwa "bukita", mbuzi huwa "zimbu". Sasa chukua neno hilo hilo ulitie katika kitanzi: kitabukitabukitabu. Sikiliza mara kumi, na "bukita" itatokea yenyewe, bila mtu kuigusa, kwa kuwa mwisho wa neno umeunganishwa na mwanzo wake. Kila kitanzi cha neno moja la Kiswahili kina kinyume chake ndani. Fundi wa kanda anakifanya kwa wembe kitu ambacho vijana wa Unguja walikifanya kwa ulimi zaidi ya miaka 150 iliyopita, na naona ajabu kwamba wataalamu wa lugha za siri na wapenzi wa muziki wa majaribio hawajaketi meza moja.

Tusiishie kwenye ajabu. Kitanzi cha neno "kata", likitamkwa kama kawaida, hubaki "kata", kwa sababu mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na sikio hujua kwamba baada ya silabi yenye mkazo imebaki moja tu. Lakini likiimbwa kwa silabi zenye nguvu sawa, mpaka hupotea, na msikilizaji atasikia "kata" kisha "taka", akimaliza na "takataka". Trubetzkoy alieleza, katika kitabu kilichotoka 1939 baada ya kifo chake, kwamba mkazo katika lugha kadha wa kadha hufanya kazi ya kupiga mipaka ya maneno. Kwa Kiswahili jambo hili hufundishwa kama kanuni ya ubaoni. Katika kitanzi laweza kusikiwa likitendeka, na pia likishindwa. Tena lahusu taarabu moja kwa moja, kwani mwimbaji mara nyingi hurefusha irabu ya mwisho ya kina, akauvuta uzito kutoka pale lugha ilipouweka. Kipande cha mizani 8 kikiimbwa kwa mwendo wa taratibu huchukua sekunde nne au tano. Basi kitanzi cha kaseti, kwa bahati ya urefu wa kisanduku chake, hutosha kipande kimoja cha ubeti. Na mtu akikisikiliza kwa nusu saa hataisikia tena maana. Atasikia mahali pumzi ilipovutwa, mahali n ilipomezwa, na irabu ipi imekaa muda mrefu kuliko nyingine.

Wenzetu wa Marekani walilitumia hilo kwa usemi. Mwaka 1965 Steve Reich alichukua maneno machache ya mhubiri wa barabarani wa San Francisco, akayatia katika vitanzi viwili kwenye mashine mbili, akaacha zipishane kidogo kidogo hadi mahubiri yakawa muziki. Wanaodhani huo ni upuuzi wa wasanii wakumbuke kwamba fonetiki yetu wenyewe ilijengwa juu ya kitanzi. Mashine ya Sona-Graph, iliyoingia katika maabara tangu mwaka 1951, ilinasa sekunde 2.4 za usemi kwenye duara la sumaku, ikazizungusha mamia ya mara huku kalamu ikichora, kila mzunguko ukiongeza mstari mmoja wa picha. Nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo picha hizo zilikuwa zimeshika kuta za maabara zetu, na hakuna aliyeuita mzunguko ule muziki. Tofauti kati ya mtafiti na mwanamuziki ilikuwa hii tu, kwamba mtafiti aliziba masikio akatazama karatasi.

Ng'ambo ya bahari, Dar es Salaam, kazi hii imekwenda mbali kuliko Unguja, ingawa mali ghafi sehemu yake ilitoka Unguja. Vikundi vya mchiriku, kama Jagwa Music, vilichukua vinanda vidogo vya Casio, vikavipitisha katika amplifaya chakavu na vipaza sauti vya pembe, na mkwaruzo wake ukawa ndio ladha. Albamu yao Bongo Hotheads ilitoka Ubelgiji mwaka 2012. Taarabu ya kisasa nayo, iliyozaliwa kwa vinanda vya umeme katika miaka ya 1990, iliwapa madijei wa vigodoro sehemu zake za vyombo vitupu. Sehemu hizo zilikatwa, zikazungushwa, zikaharakishwa mpaka mapigo yakapita 200 kwa dakika, na mghani akasimama juu yake. Ndiyo singeli. Kitanzi chake ni cha kompyuta, lakini tendo ni lile lile la wembe. Mkusanyo wa Sounds of Sisso ulioipeleka singeli nje mwaka 2017 ulitolewa Kampala na watu waliojiita kwa jina la kanda, Nyege Nyege Tapes. Neno la kwanza la jina hilo kwa Kiganda ni hamu ya kucheza isiyozuilika, nasi Waswahili tutalisoma kwa sauti ya chini kidogo. Wako wanaosema kwamba singeli imeichezea taarabu. Ni kweli imeichezea. Lakini nikizisikiliza kanda hizo kwa sikio la kazi yangu, naona kwamba wale vijana walichagua kukata mahali pale pale ambapo hadhira ya barazani ingemtaka mwimbaji arudie, na uchaguzi huo haufanywi na mtu asiyeujua wimbo.

Hata hivyo siwaungi mkono wote wanaoshika wembe. Mmarekani William Basinski, mwaka 2001, alikuwa akihamishia kwenye mfumo wa dijitali vitanzi vyake vya miaka ya 1980. Unga wa chuma ukaanza kubanduka, kila mzunguko ukaondoka na chembe zake, naye akaiacha mashine iendelee hadi sauti ikawa mashimo. Kazi hiyo imesifiwa mno, na kwa haki. Lakini Basinski alipoteza kanda zake mwenyewe. Katika hewa ya Unguja, yenye chumvi na unyevu, ukanda hushika kuvu, gundi yake hulainika, na kusikilizwa mara moja tu kwaweza kuwa kusikilizwa kwa mwisho. Iwapo kaseti iliyomo sandukuni kwa mtu ndiyo pekee iliyobaki na sauti ya somo wa unyago au ya mpiga udi fulani, basi uzuri wa kuoza kwake ni anasa tunayoinunua kwa mali ya mwingine. Bi Kidude alipofariki Aprili 2013 alikuwa amenaswa mara nyingi. Wenzake wengi wa ngoma hawakuipata bahati hiyo. Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003 humlinda mtunzi na mwimbaji, lakini hailindi plastiki. Kwa hiyo kanuni yangu ni ya kiseremala: nakala kwanza, wembe baadaye, na wembe juu ya nakala tu. Mwanamuziki hapotezi kitu, maana kitanzi cha nakala chasikika sawasawa na cha asili.

Ama mtafiti, atafaidika na mashine iliyoharibiwa kwa makusudi kuliko anavyodhani. Kanda za nyumbani zimekwisha kubadilika mwendo, kama nilivyosema, na mwendo ukibadilika kwa asilimia 6 sauti yote hupanda au kushuka nusu toni, irabu pamoja nayo. Anayepima irabu za Kiunguja cha kale katika kaseti iliyonakiliwa mara nne anapima mota nne. Lakini sauti iliyonaswa kwa mashine ya umeme wa nyumba mara nyingi ina mvumo wa chini sana, ambao sikio huuzoea likausahau. Ni umeme wenyewe, na umeme wa Unguja hutikisika mara 50 kwa sekunde. Kaseti ichezwe kwa betri, ili mvumo wa leo usichanganyike na wa zamani. Kitafutwe kipande cha kimya kati ya beti mbili, kikatwe katika nakala, kifanywe kitanzi, kizunguke mpaka mvumo upimike. Ukiwa 53 badala ya 50, kanda inakwenda mbio kwa asilimia 6, na mwimbaji ameimbishwa nusu toni juu ya sauti yake. Hapo bisibisi ile ile ya wanamuziki huingizwa katika tundu la mota na kuzungushwa polepole, hadi mvumo urudi 50, ndipo mtafiti aanze kuandika irabu.